Mkusanyo wa Nyimbo za Mwisho wa Baridi: Dalili za Hitilafu na Namna ya Kuzirekebisha

Mswahili anayeishi Minneapolis, Oslo au Toronto huwa na hazina ya muziki isiyofanana na ya jirani yake: rumba ya Kinshasa, taarabu ya Unguja, kwaya, dansi la Dar es Salaam la miaka ya 1970, na juu ya hayo nyimbo alizozikuta ugenini na kuzizoea. Machi inapofika, theluji ikiwa bado imelundikana kando ya barabara lakini jua limeanza kuchelewa kuzama, hazina hiyo humshawishi kupanga mkusanyo wa saa moja hivi wa kuyasindikiza majira ya baridi yanapoondoka. Wengi hujaribu, na wengi huishia kuwa na orodha ambayo kila wimbo wake ni mzuri, ilhali orodha yenyewe haivumiliki mpaka mwisho.

Mwongozo huu unafuata dalili: unachokisikia, kinachosababisha, na cha kufanya. Msimamo wangu nautoa mapema, kwamba mara nyingi kosa haliko ndani ya wimbo bali katika kiungo, yaani pale wimbo mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia. Kwa hiyo kabla ya kufuta wimbo wowote, sikiliza sekunde 20 za mwisho za wimbo uliotangulia, kisha sekunde 20 za mwanzo za unaofuata, bila kugusa chochote katikati. Jaribio hilo dogo hufichua zaidi kuliko kuusikiliza mkusanyo mzima mara kumi ukiwa unaosha vyombo.

Mpangilio ulioupanga hausikiki

Anza na mashine, kwa kuwa ndiyo rahisi kurekebisha. Programu nyingi za simu hukumbuka kwamba uliwahi kubonyeza kitufe cha kuchanganya nyimbo, kile chenye mishale miwili inayopishana, na mtu anaweza kuhangaika na mpangilio wake ilhali simu inaupangua kila anapousikiliza. Angalia pia kama umewasha kipengele cha kuingilianisha nyimbo, ambacho hufifisha mwisho wa wimbo mmoja huku mwingine ukianza. Kinafaa kwenye sherehe yenye watu wanaocheza. Kwenye mkusanyo wa muziki wa aina nyingi hula utangulizi wa udi na kukatiza mlio wa mwisho wa piano kabla haujaisha. Kizime.

Hitilafu ya kinyume chake ni pengo dogo la kimya mahali ambapo muziki ulipaswa kuendelea, kwa mfano katika rekodi ya onyesho la taarabu iliyogawanywa vipande huku makofi ya hadhira yakiunganisha kipande na kipande. Sababu yake ni muundo wa MP3, ambao huongeza kimya kifupi mwanzoni na mwishoni mwa kila faili wakati wa kulibana. Tumia FLAC au WAV, miundo ya faili isiyo na kasoro hiyo, au viunganishe vipande hivyo kuwa faili moja katika programu ya bure kama Audacity.

Wimbo mmoja hausikiki, unaofuata unakushtua

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, na ni lazima itokee kwa anayechanganya zama. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alirekodi Bombay mwaka 1928, kwa ajili ya santuri za 78, yaani za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulichukua takriban dakika 3; sauti yake inatufikia ikiwa imezungukwa na mkwaruzo wa sindano. Ukimfuatisha na wimbo wa bongo fleva wa siku hizi, uliokandamizwa studio ili kila sekunde yake ijae, utaruka kutoka kitini. Watu wengi hukimbilia kumpandisha Siti. Hilo ni kosa, kwa sababu mkwaruzo nao hupanda, tena huonekana kupanda kuliko sauti ya mwimbaji. Teremsha wimbo mpya badala yake.

Huduma kubwa za kusikiliza muziki mtandaoni hulifanya jambo hili zenyewe. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, hulenga kiwango cha LUFS -14, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti kinachozingatia jinsi sikio linavyousikia wimbo kwa ujumla, si kilele cha juu tu cha mawimbi yake. Ikiwa unatumia faili zako mwenyewe, tafuta kicheza muziki chenye ReplayGain, mfumo uliopendekezwa mwaka 2001 kwa kusudi hilohilo. Huandika ndani ya faili kiasi cha kupunguza au kuongeza bila kuubadilisha muziki wenyewe. Hata hivyo mashine hazimalizi kazi. Wimbo wa gitaa moja uliosawazishwa na bendi ya watu kumi na wawili husikika kana kwamba mpiga gitaa amekaa juu ya bega lako, kwa kuwa akili inajua kwamba mtu mmoja hapigi kelele za watu kumi na wawili. Baada ya mashine kumaliza, mpunguze mwenyewe huyo mpiga gitaa desibeli mbili au tatu, kisha ufanye jaribio la kiungo, lile la sekunde 20.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya majira yenyewe. Mwisho wa baridi muziki husikilizwa ndani ya gari ambalo feni ya joto inavuma, au barabarani, kofia ikiwa imeshuka juu ya spika za masikioni na upepo ukipenya pembeni. Feni humeza sehemu zote za chini za muziki wa okestra. Dakika mbili zinapita ukidhani wimbo umekwama, halafu tarumbeta zinakulipukia. Spika ya sikioni iliyosukumwa na kofia, nayo, hupoteza besi mara moja, na rumba isiyo na besi si rumba tena. Ukijua kwamba mkusanyo wako utasikilizwa garini, acha nje muziki wenye tofauti kubwa mno kati ya kunong’ona na kupaza sauti, hata kama unaupenda. Huo subiri uusikilize nyumbani.

Mwimbaji wa zamani anasikika kama mtoto, au kama mtu mwenye usingizi

Kanda nyingi za kaseti zilizohamishiwa kwenye kompyuta zilichezwa katika redio zenye mota iliyochoka au iliyo na haraka, na kosa hilo sasa linasambaa mtandaoni kama lilivyo. Ishara ni sauti ya mwimbaji kuwa nyembamba kupita umri wake, na gitaa kuwa na ufunguo, yaani sauti kuu ambayo wimbo umejengwa juu yake, usiolingana na piano yoyote. Tafuta nakala nyingine ya rekodi ileile na ulinganishe muda: wimbo wa dakika 10 unaomalizika kwa dakika 9 na nusu umeongezewa kasi kwa takriban asilimia 5, na kasi ikizidi kwa karibu asilimia 6 sauti huwa imepanda nusu toni nzima, yaani hatua ya kutoka kibonye kimoja cha piano hadi kinachokifuata. Katika Audacity tumia chombo kinachobadilisha kasi na kimo cha sauti kwa pamoja, si kile kinachobadilisha mwendo peke yake, kwa sababu kosa la mota liliathiri vyote viwili. Kabla ya kufanya hivyo, hakikisha kwamba nakala hizo mbili ni za rekodi moja, kwa kuwa bendi nyingi zilirudia kurekodi nyimbo zao zilizopendwa na toleo la pili linaweza kuwa refu au fupi kwa makusudi.

Kila kiungo kinagutusha

Hapa ndipo penye kazi. Mambo matatu hugongana kwenye kiungo: ufunguo, mwendo, na namna wimbo unavyoisha.

Kwa ufunguo, huhitaji kujua nota. Shikilia kwa mdomo sauti ya mwisho ya wimbo unaoisha, uendelee kuivumisha mpaka unaofuata uanze. Ikiwa sauti yako inakaa ndani ya wimbo mpya bila kukwaruzana nao, kiungo ni kizuri. Ikiwa inakulazimu upande au ushuke kidogo tu, kwa nusu toni, sikio la msikilizaji litapata taabu hiyohiyo. Mruko mkubwa husumbua kidogo kuliko mruko mdogo, jambo linalowashangaza wanaoanza.

Taarabu ina ugumu wake. Kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na udi zinapopiga maqamu ya bayati, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, hutumia sauti iliyo katikati ya vibonye viwili vya piano, na sikio lililokwisha kuizoea kwa dakika nane huiona piano inayofuata kuwa imelegea nyuzi. Piano haina kosa. Weka kati yao kitu kisicho na sauti zilizopangwa kwa ngazi, kama vile ngoma peke yake, au uache kimya cha sekunde nne au tano, nawe utaona sikio linasahau.

Mfano wa kiungo ninaoupenda unaanzia mbali. Franz Schubert alitunga mwaka 1827 mfululizo wa nyimbo 24 uitwao Winterreise, yaani safari ya majira ya baridi, na katika wimbo wa mwisho mkono wa kushoto wa piano unashikilia sauti mbili zilezile tangu mwanzo mpaka mwisho, huku mwimbaji akimaliza kwa swali lisilojibiwa. Mlio huo mtupu unaoendelea ni mlango ulioachwa wazi: udi unaoanza peke yake, ukitafuta njia bila mapigo, unaingia hapo kana kwamba uliitwa. Tena nyimbo hizo huimbwa katika funguo tofauti kulingana na sauti ya mwimbaji, wa juu au wa chini, kwa hiyo una uhuru ambao ni nadra kuupata: chagua kwanza rekodi ya udi, kisha tafuta mwimbaji ambaye ufunguo wake unakutana nayo.

Kuhusu mwendo, hesabu mapigo kwa dakika ukigonga meza kwa kidole. Mapigo 62 yakifuatwa na 124 hayagutushi, kwa kuwa mwili unasikia mwendo uleule uliogawanywa mara mbili. Mapigo 100 yakifuatwa na 108 husikika kama mtu aliyejikwaa. Unapotaka kutoka kwenye mwendo wa tatu, kama ule wa waltz za Skandinavia, kuingia kwenye mwendo wa nne wa dansi, chakacha ya Mombasa na Lamu itakuvusha salama: mapigo yake sita husikika kama mafungu mawili ya matatu au matatu ya mawili, kwa hiyo kila upande huiona kuwa yake. Sijawahi kupata daraja bora zaidi ya hilo.

Mwisho wa wimbo ni wa aina mbili kuu. Kuna wimbo unaofifia na kuna unaokatika. Unaofifia usiufuatishe na mwingine unaoanza kwa kunyemelea, maana msikilizaji atadhani mkusanyo umekwisha na atagusa simu yake. Unaokatika kwa kishindo uache upumue sekunde moja na nusu. Na rumba iliyomalizia kwenye sebene, ile sehemu ya mwisho ya kasi, magitaa yakiwa yamepamba moto, usiifuatishe na rumba nyingine inayoanza kwa beti za polepole: muundo wa muziki huo tayari umempandisha msikilizaji kutoka polepole hadi kasi, na kumrudisha chini ya ngazi ileile mara ya pili ni kumchosha. Mpe kitu cha jamii nyingine kabisa.

Mkusanyo umekuwa gwaride la mataifa

Dalili yake ni kwamba ukimweleza mtu mkusanyo wako unataja nchi tu: huu wa Mali, huu wa Iceland, huu wa Brazili. Sababu ni kwamba mpangaji amechanganya asili za nyimbo badala ya sauti zake, na uanuwai umekuwa ndio kusudi. Tiba ni kutafuta kitu kimoja ambacho nyimbo tatu au nne zinakishiriki bila kujua.

Chukua gitaa linalopigwa kwa vidole. Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao sasa unaitwa Likasi, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, aliyeimba pia kwa Kiswahili, ambaye kwa kidole gumba na cha shahada alipiga besi na wimbo kwa wakati mmoja. Marekani, Elizabeth Cotten wa North Carolina alikuwa akitumia mkono wa kushoto huku gitaa likiwa limefungwa nyuzi kwa ajili ya mkono wa kulia, kwa hiyo vidole vyake vilipiga besi na gumba ndilo lililopiga wimbo. Ukiwaweka pamoja, msikilizaji hajiulizi nani ametoka wapi. Anasikia mikono miwili iliyokutana na tatizo moja na kulitatua kinyume. Nyimbo nne za namna hiyo zikishikana katikati ya mkusanyo, zile nyingine zinaweza kutawanyika zitakavyo. Akodiani, ambayo taarabu ya Unguja imeizoea kama wanavyoizoea wachezaji wa vijijini huko Ulaya ya Kaskazini, hufanya kazi hiyohiyo.

Unasikika kama Desemba, au kama Mei

Chanzo cha tatizo hili ni kuchagua kwa majina. Mtu hutafuta nyimbo zenye neno theluji, jua au maua, na anapata nusu ya mkusanyo inayosikika kama Krismasi na nusu inayosikika kama pikniki. Mtunzi wa Brazili, Antônio Carlos Jobim, alitunga mwaka 1972 wimbo maarufu kuhusu mvua za Machi, nao huwekwa mara kwa mara katika mikusanyo ya Kaskazini kama wimbo wa kukaribisha majira ya kuchipua, ilhali Rio de Janeiro mvua hizo hufunga kiangazi. Unakaa vizuri hata hivyo, kwa kuwa melodi yake inateremka hatua kwa hatua kama kitu kinachochuruzika. Na kwa sisi ambao Machi ni kuingia kwa masika, mvua zake hazihitaji maelezo. Neno lililomo katika jina la wimbo halikuwa na mchango wowote hapo.

Uyatazame majira yenyewe yalivyo. Minneapolis, mwezi Machi, kila siku hurefuka kwa takriban dakika 3, na Jumapili ya pili ya mwezi saa zinaposogezwa mbele, jua lililokuwa likizama muda mfupi baada ya saa 12 jioni linazama baada ya saa 1. Baridi haijaondoka. Mwanga umefika kabla ya joto, na hilo ndilo linaloutofautisha wakati huu na mwingine wowote wa mwaka. Katika muziki maana yake ni sauti za juu zilizo wazi, kama gitaa la solo, kanuni, fidla au filimbi, juu ya mwendo ambao bado haujachangamka. Dansi la zamani la Tanzania lina nyimbo nyingi za namna hiyo, ambamo gitaa linang’aa huku mwimbaji akilalamika.

Kosa lililo karibu na hilo ni mkusanyo unaopanda tu, kutoka huzuni hadi furaha, kwa mstari ulionyooka. Majira hayaendi hivyo. Katikati ya Aprili 2018, watu wakiwa wamekwisha kuweka makoleo ya theluji stoo, dhoruba kubwa ilishuka Minnesota, jimbo lenye Minneapolis, kwa siku tatu. Mkusanyo nao unahitaji kurudi nyuma: kwenye theluthi ya mwisho, baada ya wimbo unaochangamsha kuliko yote, weka mmoja wa baridi kali, mtupu, usio na ngoma. Wasikilizaji watakuuliza kwa nini umewaharibia. Uache hapohapo.

Wimbo mmoja umemeza wengine

Rumba ya TPOK Jazz, bendi ya Franco ya Kinshasa, ya miaka ya 1980 inaweza kuzidi dakika 10, na taarabu yenye utangulizi mrefu wa ala haiko nyuma. Katika mkusanyo wa dakika 70, wimbo kama huo ni wa kujengea kituo, si wa kupitia. Weka mmoja, au wawili ukizidisha sana, na nyimbo zinazouzunguka ziwe za dakika 2 au 3.

Ukilazimika kukata, usififishe katikati ya beti. Nyimbo nyingi za Kongo za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka kwenye santuri za 45, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili, na wanamuziki waliijua mipaka hiyo: mara nyingi sebene ndiyo iliyojaza upande wa pili. Ukitafuta mahali pa namna hiyo ndani ya wimbo mrefu, pale ambapo sauti za waimbaji zinanyamaza na gitaa linabadili mchezo, utakata bila kuacha jeraha. Sehemu ya pili peke yake inaweza kusimama. Sehemu ya kwanza bila sebene, kwa maoni yangu, ni ahadi isiyotimizwa, na afadhali kuiacha nje.

Msikilizaji anaishia katikati, au nyimbo zinatoweka

Ikiwa uliyempa mkusanyo anakusifia nyimbo tano za kwanza tu, hakufika mbali zaidi. Orodha za mtandaoni hazina ukomo, na ndiyo sababu watu hupanga saa tatu za muziki ambazo hakuna atakayezimaliza. Jiwekee mipaka ya vifaa vya zamani: kaseti ya C90 ilikuwa na dakika 45 kila upande, CD dakika 74 au 80. Napendelea kaseti, hata kama mkusanyo utabaki ndani ya simu, kwa sababu pande mbili hukulazimisha kupanga mianzo miwili na miisho miwili, na aliyesikiliza upande wa kwanza akielekea kazini anabakiwa na wa pili wa kurudia nyumbani.

Nyimbo zinazogeuka kijivu katika orodha na kukataa kucheza huwa zimeondolewa na wenye haki, au haziruhusiwi katika nchi aliyoko unayemtumia. Mkusanyo uliopangwa Minnesota unaweza kumfikia ndugu aliyeko Mombasa au Muscat ukiwa na matundu. Tatizo kubwa zaidi ni wimbo uliobadilishwa na toleo jingine lenye jina lilelile. Andika pembeni muda wa kila wimbo kwa dakika na sekunde, pamoja na mwaka wa rekodi kama unaujua, na zile unazoziona kuwa ni nguzo uzinunue kama faili uzihifadhi mwenyewe. Muda ukibadilika hata kwa sekunde chache, rudia jaribio la kiungo pande zote mbili za wimbo huo kabla ya kumtumia mtu mwingine.